Usiseme Ni Mguu

Sironga
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada Jemimah,

Nakusalimu nikikuwazia umeketi, ingawa najua huketi. Mimi ni mzima. Ile homa ya wiki ya kufungua shule imekwisha, na sasa nakula hata maharagwe ya hapa bila kunung'unika. Nyumbani Nyaramba wako salama. Baba amepanda migomba mipya upande wa chini. Mama bado anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, na bado anaipoteza katikati ya wimbo. Ng'ombe alizaa ndume na Baba akanuna siku nzima, kana kwamba ng'ombe alifanya makusudi.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua ilhali simu zipo. Simu ya shule tunaipigia foleni, na aliye nyuma yako anakupumulia shingoni. Simu yako nayo haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo nikikuuliza jambo, nyumba nzima ya Nyamache inanijibu. Mara ya mwisho nilikuuliza tumbo linaendeleaje, nikajibiwa na Mama mkwe wako. Barua hii ataileta babake Abigael, mwenzangu wa darasani. Lori lake huleta kuni hapa shuleni na hulala huko kwenu sokoni. Amekubali kuchukua na majibu.

Sasa jambo lenyewe. Ulipokuja nyumbani mwezi wa nne nilikuona ukivaa sketi. Uliegemea ukuta, ukainua mguu wa kushoto, ukaushusha, ukauinua tena, ukashindwa. Ukaketi kitandani ukalia bila sauti, kisha ukajifuta uso ukatoka nje ukicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natafuta soksi. Nilipokuuliza baadaye ulisema, "Ni mguu tu." Dada, mguu haumlizi mtu namna ile. Mimba yako imefika miezi mitano. Nini kinakuuma?

Tafadhali niambie kweli. Niko Kidato cha Tatu na muhula huu tunasoma uzazi. Nitauliza kama swali la kitabuni, bila kutaja jina lako.

Mdogo wako anayesubiri lori,
Linet

*

Nyamache
Jumapili, 25 Mei 2025

Linet,

Barua yako imefika ikinukia magogo mabichi. Huku tuko vizuri. Baba mkwe amechaguliwa tena mzee wa kanisa. Mama mkwe ana nguvu kunishinda mimi. Omwenga wangu huja Ijumaa kutoka Keroka anakojenga nyumba za watu, na Jumapili mchana hurudi. Mvua imeifanya chai ichipue kwa fujo, watu wanachuma mpaka giza linawafuata shambani.

Umeniandikia kama mtu anayefanya mtihani wa insha. Nilicheka mpaka pale chini pakanikumbusha nisicheke.

Haya, si mguu. Umefurahi?

Ni mbele, chini kabisa ya tumbo, pale mifupa miwili inapokutana. Pengine maumivu hupita kwenye mapaja kwa ndani, pengine huzunguka mpaka nyonga. Nikigeuka kitandani, ni kama mtu anapasua kuni ndani yangu. Siwezi kusimama kwa mguu mmoja. Kuvaa chupi, ambako zamani sikujua kwamba ni kazi, sasa nakufanya nimeketi na nimeuma kanga. Lakini adui mkubwa ni chai. Unaujua mteremko wa Baba mkwe. Unapita kati ya mistari ukiinua mguu kuvuka matawi, kikapu kiko mgongoni, huku umepinda kiuno ufikie machipukizi ya mbali. Kila nikivuka, kitu kinalia ndani: ka! Nimewahi kuketi chini katikati ya michai nikajifanya naondoa mwiba. Na chai haina miiba.

Nasema mguu kwa sababu mguu unasemeka. Chinsoni unazijua, ile miiko ya heshima tuliyolelewa nayo: mke wa mwana hataji sehemu hizo mbele ya wazazi wa mumewe. Baba mkwe havuki mlango wangu, nami nikisikia kikohozi chake njiani napita nyuma ya nyumba. Na Mama mkwe ndiye hunipeleka kliniki, kila mara, kwa heshima yake. Huketi karibu nami na mkoba wangu mapajani mwake. Sista akiuliza, "Unaumwa wapi, mama?" Mama mkwe ndiye wa kwanza: "Mguu." Nami naitikia. Nimepewa dawa ya kuchua, na kila jioni nauchua mguu ambao hauna kosa lolote.

Haya yote nayaandika kwa sababu ni Kiswahili, lugha ya shule. Haina mama mkwe ndani yake. Kwa Ekegusii ningekufa kwanza.

Usimwambie Mama yetu, maana atapiga simu. Usifanye lolote. Nimekujibu kwa sababu umeuliza kwa adabu.

Ni mimi, mwenye mguu mzima,
Jemimah

*

Sironga
Jumapili, 1 Juni 2025

Dada Jemimah,

Salamu zikufikie kabla hujapanda shambani. Abigael anakusalimu ingawa hajui nakuandikia nini. Tumeshinda mashindano ya nyimbo, na mimi nilisimama mstari wa mbele kwa sababu ni mfupi.

Nimesoma barua yako chooni, mahali pekee penye faragha shule hii, na nimekasirika mpaka nikashindwa kula. Yaani unavuka michai huku mifupa inalia, na kila mtu anatazama mguu! Mama mkwe wako amezaa watoto sita. Je, hakuna hata siku moja amekuuliza, "Mguu sehemu gani?" Na Omwenga je? Ameoa mtu au ameoa kikapu?

Mwalimu wa Biolojia amekwenda semina, kwa hiyo nilimuuliza nahodha wetu wa netiboli, ambaye aliwahi kuumia kinena akapona. Amenionyesha mazoezi, nami nimeyajaribu mwenyewe. Keti chini, unganisha nyayo, kisha sukuma magoti kwa viwiko mpaka yakaribie sakafu. Ukimaliza, simama utanue miguu kadiri unavyoweza, uegemee upande mmoja, kisha mwingine. Fanya asubuhi na jioni. Pia tembea sana, upande mlima kwa hatua ndefu. Mama alipokuwa na mimba yangu alipanda mlima kila siku na hakulalamika.

Nina hakika utapona. Nakuombea kila usiku, na ninaomba nikiwa nimepiga magoti sakafuni, si kitandani kama wengine.

Linet wako

*

Nyamache
Alhamisi, 19 Juni 2025

Linet,

Wote wazima. Mahindi yamekomaa.

Nilifanya hayo mazoezi yako siku mbili. Siku ya tatu sikuweza kutoka kitandani. Nilitambaa kwa mikono mpaka mlangoni, nikajivuta kwa kizingiti, na chooni nilikwenda nikishikilia ua wa boma kama mlevi. Mama mkwe akaniona. Akapiga makofi: "Ehe! Sasa mguu umeshinda dawa!"

Nahodha wa netiboli! Mimi nimebeba mtu tumboni, wewe unanitafutia mchezaji wa mpira! Na Mama, eti hakulalamika. Ulikuwepo? Ulikuwa tumboni, ulisikia nini?

Kwa sababu yako sasa kuna jambo lingine. Mama mkwe amemwita Nyanchoka, yule mkandaji wa ng'ambo ya mto. Alikuja, akanitazama nikitembea, akasema njia imejifunga na mifupa imekaza. Atakuja tena katikati ya mwezi wa saba na mafuta yake, anishike miguu, anifungue. Alionyesha kwa mikono yake atakavyofanya. Kama mtu anayepasua papai.

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Asante, mama."

Usiniandikie mazoezi tena. Kaa mbali na mifupa yangu.

Jemimah

*

Nyamache
Jumatatu, 30 Juni 2025

Linet,

Sitasalimu.

Ulipokuja Ijumaa nilifurahi, na Mungu anajua. Shule imewapa siku chache za mapumziko, nawe badala ya kwenda Nyaramba kulala, ukapitia kwangu na ndizi mbivu mkononi. Mama mkwe alikusifu. Ulipewa kiti sebuleni kwa Baba mkwe kama mgeni, mimi nikabaki jikoni na Mama mkwe tukisonga ugali mwingine wa wimbi. Mlango ulikuwa wazi. Kila neno nililisikia.

Baba mkwe alikuwa anacheka nawe. "Daktari wetu wa Sironga! Utatutibu lini?" Ukajibu vizuri. Kisha akasema kama wazee wanavyosema, hakusema kwa ubaya, "Wasichana wa siku hizi hubeba mimba kama wamebeba mayai. Huyu dada yako mguu unamtawala. Mama yake Omwenga alichuma chai mpaka siku ya kuzaa."

Ungenyamaza! Ungesema, "Ndiyo, Baba." Ungeangalia ukuta, kuna kalenda ya kanisa pale, ungeisoma!

Wewe ukasimama. Ukiwa na sare ya shule. Ukasema, "Si mguu, Baba." Kisha ukataja. Kwa Ekegusii. Jina lenyewe, kwa sauti ya kujibu swali darasani. Na kwa kuwa hakuna aliyejibu, ukalirudia.

Nilisikia kijiko cha Baba mkwe kikigusa sahani. Nikasikia kiti. Akatoka nje, chakula kikabaki kinatoa mvuke. Mama mkwe alisimama na mwiko juu, ugali unadondoka motoni. Hakunitazama. Akasema polepole, "Nyumbani kwenu ndivyo mnavyoongea?"

Umeniacha na hilo, ukarudi shuleni kwenye kengele na ratiba zako. Mimi nipo hapa. Baba mkwe akiniona mbali anageuka kabisa, si kwa heshima kama zamani. Sasa ni kama ananiona uchi. Omwenga amenipigia kelele mpaka majirani wakazima redio wasikilize. Na Nyanchoka bado anakuja.

Nilikuambia usifanye lolote. Nilikuandikia, na kusoma unajua.

Jemimah

*

Sironga
Jumapili, 6 Julai 2025

Dada Jemimah,

Nakusalimu hata kama hutaki. Mimi si mzima sana. Nimelia, lakini si kwa majuto, kwa hiyo usinihurumie.

Unadhani siku ile nilikuja na mpango. Sikupanga. Nilikuwa namwangalia baba mkwe wako, Mzee Onyiego, akila, na kupitia dirisha la nyuma yake nilikuwa nimekuona wewe kabla ya chakula ukitoka kisimani na mtungi, ukitembea kama mtu anayepita juu ya mayai kweli. Halafu akasema mayai. Mdomo ukafunguka.

Unasema sasa anakuona uchi. Dada, mlikuwa mmevaa nguo wote, na bado ulikuwa unavunjika! Heshima gani hii inayokataza kutaja mahali panapouma na haikatazi kupaumiza? Mama mkwe wako aliuliza kama nyumbani kwetu ndivyo tunavyoongea. Mjibu kwa niaba yangu: hapana, nyumbani kwetu hatuongei pia. Ndiyo maana hukujua useme nini ulipofika kwao.

Mwalimu wa Biolojia amerudi. Nilimuuliza kama swali la kitabuni. Akanitazama, akafunga mlango wa maabara. Alisema wakati wa mimba mwili hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga ili mtoto apite. Kwa wengine zinalegea kupita kiasi, na pande mbili zinasuguana. Kwa hiyo hakuna kilichojifunga, Dada. Nyanchoka anataka kufungua kitu ambacho shida yake ni kufunguka mno! Mimi na nahodha wangu tulifanya kosa hilohilo. Kwa hilo naomba radhi, kwa hilo tu.

Alisema uyaweke magoti pamoja unapogeuka kitandani, ugeuke mzima kama gogo, na ulale kwa ubavu na mto kati ya magoti. Uvae ukiwa umeketi. Hatua ziwe fupi. Usibebe mzigo, usivuke kitu kwa kutanua miguu. Kisha akasema yeye si daktari, na kwamba hospitali kuna wataalamu wa viungo ambao kazi yao ni hii, lakini hakuna atakayekutuma kwao kama unasema mguu. "Mwambie huyo wa kitabuni," alisema, "asimruhusu mtu kumvuta."

Usimruhusu. Hata ukinichukia, usimruhusu.

Linet

*

Sironga
Jumapili, 20 Julai 2025

Dada,

Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Babake Abigael anasema alikwenda mpaka langoni kwenu, akaambiwa umelala. Saa nne asubuhi!

Sijui kama Nyanchoka amekuja. Nimekupigia kwa simu ya shule, Mama mkwe akapokea, akasema, "Hayupo," kisha akakata. Nilirudi nyuma ya foleni nikapiga tena. Ikawa imezimwa.

Niandikie hata neno moja. Nitukane, ili nijue unaweza kuketi na kushika kalamu.

L.

*

Nyamache
Jumapili, 27 Julai 2025

Linet, mwana wa mama yangu,

Naweza kuketi. Kalamu naishika. Omwenga anakusalimu, kwa shingo upande. Jogoo wa Mama mkwe alikufa, na sijalia.

Barua yako ya kwanza niliipata, nikaificha ndani ya mto bila kuisoma. Nilikuwa nimekuapia. Niliisoma siku ile Nyanchoka alipokuja, akiwa jikoni anapasha mafuta. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikajiambia: huyu mtoto alishakosea mara moja. Kwa hiyo nilijilaza, Linet. Sitaki kukudanganya. Nilijilaza nikatandikiwa mkeka.

Akashika kifundo cha mguu wa kushoto. Mama mkwe akashika wa kulia. Nyanchoka akasema, "Tulia, mwanangu, ni kama kufungua mlango wenye kutu." Wakavuta.

Sijui nilipiga kelele gani. Wanasema watu waliokuwa kwenye kituo cha kununulia chai waliisikia. Najua tu kwamba mguu wangu ulimkuta Nyanchoka kifuani, na bakuli la mafuta likaenda ukutani. Akaketi chini na miguu mbele kama mtoto. "Mke wa mwanao ana shetani," akamwambia Mama mkwe. "Mpeleke kwa daktari akadungwe sindano."

Ndivyo nilivyofika kliniki: nimepelekwa kushtakiwa.

Sista alikuwa yuleyule. "Mguu bado?" Mama mkwe akaketi, akaweka mkoba wangu mapajani, akaanza: "Mguu, na sasa amekuwa mkaidi, anapiga wazee." Nikasema, "Mama, nakuomba utoke nje kidogo."

"Nitoke niende wapi? Tumbo hilo lina mjukuu wangu."

"Mama, toka."

"Sitoki."

Linet, sikuwa jasiri kama wewe. Nilikuwa nimechoka tu, na nimekasirika. Nilikasirikia mguu wangu usio na kosa, dawa ya kuchua, mkoba, wewe, kila kitu. Nikasema, "Basi kaa." Nikamgeukia sista, nikalitaja. Kwa Ekegusii, kama ulivyofanya. Nikaweka na mkono pale. Nikasema, "Ni hapa. Tangu mwezi wa tatu ni hapa. Mguu hauumi, haujawahi kuuma."

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Sista aliiweka kalamu chini. "Miezi minne!" akasema. "Miezi minne unaniambia mguu! Nami natafuta ugonjwa kwenye goti!" Alinigombeza mpaka akaishiwa pumzi, kisha akanisaidia kupanda kitandani, magoti pamoja, polepole, jinsi ulivyoandika. Akanipima, akauliza hiki na hiki. Ndipo sauti ikatoka chini ya leso.

"Hata mimi."

Sista akageuka. "Hata wewe nini, mama?"

"Mimba ya Omwenga. Nilitambaa. Kwenye chai nilikuwa natambaa kati ya mistari, nachumia chini."

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani?"

Sista akamhurumia, akamshika bega. Mimi sikumhurumia. Nilikuwa nimelala pale natazama dari, na jambo moja tu lilikuwa linagonga kichwani: alijua. Kila asubuhi aliponipa kikapu, alijua. Aliponiona natambaa mpaka mlangoni akapiga makofi, alijua natambaa kwa nini. Aliposhika kile kifundo akavuta! Si kwamba hakuuliza mguu sehemu gani. Hakuwa na haja ya kuuliza.

Wewe ulinikasirikia kwa kunyamaza. Sasa nielekeze, wewe uliyesoma: nimkasirikie yeye vipi, mtu aliyenyamaza miaka ishirini na minane?

Tukaanza kurudi nyumbani. Alitembea mbele, akafika kwenye mteremko, akasimama. Nilidhani ananingojea. Alikuwa analia.

Sista amenituma kwa mtaalamu wa viungo mjini Kisii. Nilikwenda juzi na Omwenga. Nimepewa mkanda mpana wa kufunga nyonga, na magongo mawili ya kutembelea mpaka maumivu yapungue. Omwenga alipoelezwa yote mbele yangu, alisimama pale na kofia mkononi. Amesema chai atachuma yeye mwishoni mwa wiki, na itakayobaki izeeke mitini. Tutaona. Lakini usiku wa jana nimegeuka kitandani bila kuamka. Niliamka asubuhi nikajikuta nimelalia ubavu mwingine. Hujui hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Bado nimekukasirikia. Ungeweza kunipa nafasi nilitaje mwenyewe kwanza.

Jemimah

*

Sironga
Jumatano, 30 Julai 2025

Dada Jemimah,

Mungu asifiwe kwa ule ubavu mwingine. Nilimsomea Abigael sehemu hiyo tu, akacheka, hakuelewa.

Tunafunga shule kesho kutwa. Baba alikuja kuniona Jumapili, na alikuwa na uso wa mazishi. Mzee Onyiego alimpigia simu. Hakumwambia nilisema nini, kwa sababu hawezi kulisema, kwa hiyo Baba anajua tu kwamba nilimtukana mzee wa kanisa mezani. Ameniamuru niandike barua ya kuomba radhi kabla sijakanyaga tena Nyamache. Nilimwambia, "Baba, nikueleze nilichosema?" Akasema, "Usithubutu."

Nimejaribu. Nimeandika "Kwa Mzee Onyiego mheshimiwa," halafu nikakaa. Naweza kuandika kwamba naomba radhi kwa chakula chake kupoa. Naweza kuandika kwamba nilikuwa mgeni na sikustahili kusimama juu ya mwenye nyumba. Zaidi ya hapo mkono unakataa. Nikiandika kwamba nilikosea kulitaja, mtoto wako akiwa msichana, atakuja kusema mguu.

Uliniuliza umkasirikie Mama mkwe vipi. Nimefikiri kwa siku mbili. Mimi ningetaka kumpigia kelele. Lakini wewe ulisema ungependa kupewa nafasi ulitaje mwenyewe, na sentensi hiyo imenikaa vibaya kuliko matusi yote. Kweli nilikunyang'anya nafasi hiyo. Sikuwa nimeliona hivyo.

Nitakuwa Nyaramba mwezi mzima. Sitakuja, nimekatazwa. Tembea kwa hatua fupi.

Linet

*

Nyamache
Jumapili, 21 Septemba 2025

Linet,

Nakuandikia kwa mkono mmoja, mwingine una kazi. Ni msichana. Alizaliwa Jumanne alfajiri, ana nywele nyingi na hasira nyingi. Watu wamesema ni zako, sikubishana.

Mtaalamu wa viungo alikuwa ameniandikia kadi ya kuwapa watu wa wodi ya wazazi. Katika haraka ya kutoka tuliisahau. Nilipofika pale uchungu ulikuwa umenichukua, maneno hayatoki. Wakanilaza chali. Msichana mmoja wa kazi, mdogo kama wewe, akashika magoti yangu ayatenganishe, nami nikafungua mdomo ikatoka pumzi tu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Haruhusiwi kuingia, na aliingia. Akaupiga mkono wa yule msichana. "Huyu halali chali," akasema. "Mgeuzeni. Na miguu hiyo msiivute!" Wakamuuliza kwa nini. Ndipo akaeleza, Linet. Kwa Ekegusii, kwa jina lake, mahali penyewe, mbele ya madaktari wawili vijana wa umri wa wanawe. Alieleza kama mtu anayegombana sokoni. Baba mkwe alikuwa kwenye benchi upande wa pili wa ukuta, na ule ukuta ni mbao.

Nilijifungua nikiwa nimelalia ubavu, sista ameshika mguu wa juu kama anavyoshika yai. Niliumia kama watu wote wanavyoumia. Hakuna aliyepasua kuni ndani yangu.

Kati yangu na Mama mkwe mambo hayajawa mazuri, usijidanganye. Juzi aliniletea uji, nikamuuliza, nikiwa nimemwangalia usoni, "Kwa nini ulinipa kikapu?" Akasema, "Mimi nilipewa." Akaupuliza uji. Kisha akasema, "Nilitaka kuona kama kuna mtu atakayekataa." Uji niliunywa, kisha nikamrudishia kikombe bila kusema asante. Kesho yake akaja na mwingine.

Chai ya huku imezeeka mitini. Omwenga alichuma wiki tatu, mgongo ukamshinda, ameajiri mtu. Magongo nimerudisha. Mkanda bado nauvaa, na ngazi za kanisa bado siziwezi, naingilia mlango wa pembeni na wazee.

Baba mkwe alisoma barua yako ya radhi. Alisema imeandikwa vizuri na kwamba haina radhi ndani yake. Bado anakunja uso ukitajwa. Hajakusamehe, nami nimebakiza kidogo. Shule ikifungwa, njoo. Usipitie sebuleni, zunguka nyuma uingilie jikoni. Mtoto anakaa huko na sisi.

Jemimah